Kuinua skuli ya msingi iliyolegalega: mpango uanzie wapi?

Kila matokeo ya darasa la nne yanapotoka, simu huanza kumiminika kwetu. Mwalimu mkuu anaomba semina, kamati ya skuli inaomba walimu, mzazi anataka mwalimu fulani ahamishwe kesho asubuhi. Kazi yangu ni kuwasaidia walimu wakuu wa skuli za msingi, zaidi huku Pemba, kuandika mipango ya kuzinyanyua skuli zao. Mipango mingi inayofika mezani kwangu huanza na uzio, rangi na kompyuta. Sizidharau haja hizo, maana mtoto anayekaa chini ya bati linalovuja hujifunza kwa tabu. Lakini kabla ya kufungua ukurasa wa pili huuliza: watoto wangapi wa darasa la tatu wanaweza kusoma aya moja ya Kiswahili na kukueleza walichokisoma? Mara nyingi jibu huwa la kukisia.

Siku moja, katika skuli ya kijiji cha pwani Wilaya ya Micheweni, nilikaa na mtoto wa darasa la tatu chini ya mwembe. Akanisomea ukurasa mzima bila ya kukwama, kwa sauti nzuri, na kila kituo mahala pake. Nikaiziba picha kwa kiganja, kisha nikaweka kidole kwenye neno "mchanga", katikati ya mstari. Akanitazama, akakitazama kidole, akasema "bahari". Ukurasa ule aliuhifadhi wote kwa kuusikia. Yule ni mtoto mwenye akili, tena mwenye kumbukumbu ambayo watu wazima wengi hatuna. Miaka mitatu kakaa darasani asijulikane kuwa hajui kusoma, kwa sababu darasa zima husoma kwa pamoja, na sauti ya mmoja hupotea katika sauti za sabini.

Kwa hiyo kazi ya mwanzo ni kumsikiliza kila mtoto peke yake. Karatasi moja yatosha: silabi, maneno mepesi, aya fupi, na hadithi ndogo ya kiwango cha darasa la pili. Shirika la Pratham la India limepima watoto kwa namna hii kwa miaka mingi, na Afrika Mashariki tumeiona kupitia Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, ulioanzishwa mwaka 2009. Wapo watakaosema hawana wasaa. Tupige hesabu. Darasa lina watoto 80, kila mtoto achukue dakika tano, walimu wawe wanne: ni dakika 100, na kazi imekwisha kabla ya mapumziko. Baada ya hapo skuli inajua kwa majina nani yuko kwenye silabi, nani yuko kwenye maneno na nani anasoma hadithi.

Hatua inayofuata ndiyo yenye upinzani. Kwa nusu saa kila siku, watoto wa darasa la tatu hadi la tano wachanganywe na kugawiwa kwa kiwango chao cha kusoma, bila ya kujali darasa. Wa silabi wakae na wa silabi. Kwa wiki kumi hizo ni saa 25 za kusoma tu, ambazo mtoto aliyeachwa nyuma asingezipata popote. Kazi ya Pratham imechunguzwa kwa kina na watafiti, wakiwemo Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na kupanga watoto kwa kiwango kulionekana kuwanyanyua wale walioachwa nyuma. Nimesikia hofu kwamba mtoto wa darasa la tano ataona haya kukaa na wa darasa la tatu. Huona haya siku za mwanzo. Haya kubwa zaidi ni ile anayoibeba kila siku anapoambiwa asimame asome.

Kwetu jambo hili lina uzito wa ziada. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliweka miaka sita ya msingi, na ikaelekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto anayefika hapo hajui kusoma lugha ya mama yake hutwikwa mizigo miwili kwa siku moja. Ndiyo maana nawasihi walimu wakuu wampeleke mwalimu wao hodari kuliko wote darasa la kwanza na la pili. Tumezoea kumweka madarasa ya mtihani, na huko anakuta nyumba imeshapandishwa kuta juu ya msingi mbovu.

Jambo la pili limo ndani ya kabati la mwalimu mkuu: daftari la mahudhurio. Walimu hulijaza kila siku, na wachache sana hulisoma. Hebu liweke mezani, na pembeni uweke kalenda ya Kiislamu. Kwenye vijiji vya mwani utaona mahudhurio yanashuka mwezi unapoandama, yanapanda, kisha yanashuka tena mwezi unapokuwa mpevu. Hilo ni bamvua. Siku hizo bahari hupwa sana, na maji huwa makavu kiasi cha saa nne za asubuhi, wakati ule ule wa masomo. Kinamama wanakwenda kufunga na kuvuna mwani, na watoto wanafuatana nao au wanabaki nyumbani na wadogo zao. Kwenye mashamba ya karafuu shimo jengine linaonekana wakati wa msimu, kwani kuna kuchuma, kuchambua na kuanika, na mikono midogo inahitajika. Kwa wavuvi ni pale baba anapokwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani, na kijana wake.

Skuli inayoyajua haya hupanga nayo. Usianzishe somo jipya la hesabu za kutoa kwa kukopa siku ya bamvua, wala usiweke jaribio. Penye mikondo miwili, mtoto aliyekosa asubuhi aruhusiwe kuingia mchana kwa siku hizo. Darasa litabanana, nalijua hilo, na bado ni bora kuliko kumpoteza siku nne kila nusu mwezi. Sambamba na hayo wazazi waelezwe ukweli bila ya kuzunguka: siku hizo zikijumlishwa mwaka mzima, mtoto ameachwa nyuma sana. Aitwe sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na aitwe pia mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye wengi husahau kumhusisha. Yeye anawajua watoto wale wale kwa majina ya baba zao, anajua nani haonekani na kwa nini, na wazazi humsikiliza.

Kuhusu kuhamisha walimu, nina la kusema kwa sababu kila mwaka linaombwa kama dawa. Mwaka 2009 serikali ya Marekani ilitoa dola bilioni 3 kuzinusuru skuli zilizoshindwa. Njia moja kati ya nne zilizoruhusiwa ilikuwa kumwondoa mwalimu mkuu na kubakiza si zaidi ya nusu ya walimu. Tathmini ya serikali hiyo hiyo iliyotolewa mwaka 2017 haikuona tofauti ya maana katika matokeo ya wanafunzi. Uchunguzi mwengine wa huko, wa skuli za msingi za Chicago katika miaka ya 1990, uliona skuli zilizopanda zilifanana kwa mambo matano: uongozi, mafungamano na wazazi, walimu wanaosaidiana kikazi, mazingira ya amani kwa mtoto, na ufundishaji uliopangika. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloletwa na barua ya uhamisho. Mwalimu mzembe achukuliwe hatua, hilo halina mjadala. Mwalimu aliyechoka na darasa la watoto 80 anahitaji mwenzake akae naye darasani mara moja kwa wiki, kisha waulizane kwa upole: wale wa benchi la nyuma, leo walisoma nini?

Fedha nazitaja kwa ufupi. Karatasi za kupimia, madaftari na chaki havihitaji mfadhili, na kamati ya skuli inaweza kuvimudu. Yale ya paa na vyoo yaandikiwe barua yake na yafuatiliwe kwa njia yake, yasije yakaufanya mpango wa kusoma ungoje bati.

Mpango wote uwe ukurasa mmoja wenye shabaha mbili tu, kusoma na mahudhurio, na majina ya wanaohusika. Ubandikwe ukutani ofisini, nakala moja apewe sheha. Kila baada ya wiki kumi watoto wasikilizwe tena, na matokeo yaandikwe katika daftari moja gumu, kwa mkono, jina kwa jina. Walimu wakuu huhamishwa, wakati mwengine katikati ya muhula, na nimeona kazi ya miaka miwili ikiondoka kwenye mkoba wa mtu mmoja. Daftari hilo likabidhiwe pamoja na funguo za ofisi, mbele ya mwenyekiti wa kamati, na mwalimu mkuu mpya alisome kabla hajaitisha kikao chake cha kwanza.