Dawa mseto za malaria kwa mtoto: ALu, D-P na ASAQ zinatofautianaje?

Kwa nini mtoto hapewi dawa ya aina moja?

Kwa sababu zilishatushinda. Tanzania Bara iliacha klorokwini mwaka 2001, ikaingia SP (sulfadoksini na pirimethamini), nayo haikuchukua muda kuzoewa na vimelea. ALu, mseto wa artemeta na lumefantrini, ikaanza mwishoni mwa 2006. Kwenye mseto, dawa ya jamii ya artemisinini (kama artemeta) inafyeka vimelea vingi haraka, na dawa ya pili, inayokaa damuni zaidi, inamalizia masalia.

Basi ipi ni bora?

Zote tatu zinatibu vizuri: ALu, D-P (dihidroartemisinini na piperakwini) na ASAQ (artesuneti na amodiakwini). Utafiti mkubwa uliochapishwa 2011, wa watoto zaidi ya 4,000 katika nchi saba za Afrika, ulionyesha hivyo. D-P ilizidi wenzake kwa jambo moja: piperakwini hukaa mwilini wiki kadhaa, hivyo mtoto anakingwa asiugue tena mapema. Palipo na mbu wengi hilo si dogo. D-P na ASAQ humezwa mara moja kwa siku, siku tatu, ila amodiakwini ni chungu na baadhi ya watoto huitapika au hulegea.

Mbona ALu ina masharti mengi?

Ni dozi sita: ya kwanza, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Wa kilo 5 hadi 14 hupewa kidonge kimoja kila mara. 15 hadi 24, viwili. Na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea: lumefantrini bila mafuta haiingii vizuri damuni. Ponda kidonge kijikoni, changanya na maji kidogo, mnyweshe, halafu mnyonyeshe au mpe maziwa au uji wa karanga. D-P haihitaji chakula cha mafuta.

Akitapika?

Ikiwa ni ndani ya nusu saa baada ya kumeza, rudia dozi ileile, kisha fuata kidonge cha kufidia zahanati. Akitapika kila kitu, akipata degedege, akishindwa kunyonya au akilegea kupita kawaida, usingoje kuche. Huyo anahitaji sindano ya artesuneti, na baadaye amalize dozi kamili ya mseto.

Homa imeshuka siku ya pili. Vilivyobaki nimwekee mdogo wake?

Hapana, mama. Homa imeshuka, lakini vimelea bado vimo. Tena Kagera vimeshathibitishwa vimelea vinavyochelewa kuondoka kwa artemisinini. Dozi nusunusu zinavipa nafasi. Mdogo wake akichemka, mpeleke akapimwe, apewe vidonge vya uzito wake mwenyewe.