Kuchora mfuatano wa namba bila kulipa: yasemwayo na ukweli wake

"Programu ya maana ni ya kulipia, au iliyovunjwa kufuli." Ndiyo maana flashi zenye MATLAB (programu ya hesabu ya kulipia) ya wizi bado hupita mkono hadi mkono hapa Mombasa, nyingine na virusi vyake. Octave ni ya bure na huelewa sehemu kubwa ya lugha hiyohiyo. Kuchora nukta 20 za kwanza za 1/n, andika `n=1:20; stem(n,1./n)`. Nukta iliyo kabla ya mkwaju ikikosekana, utapata ujumbe wa kosa badala ya grafu.

"Ukichora y = 1/x umeshachora mfuatano." Hapa ndipo wengi hupotea. Mfuatano ni nukta. Kati ya namba ya 3 na ya 4 hapana kitu, ilhali programu nyingi za grafu huunga kila kitu kwa mstari. Jaribu `(-1)^x/x` uone: mchoro hautoki, kwa sababu -1 ikipandishwa kipeo cha 0.5 haitoi namba halisi. Lazima uiambie programu kwamba n ni namba nzima. Kwenye GeoGebra, programu ya bure ya grafu, andika `Sequence((n, (-1)^n/n), n, 1, 20)`. Kwenye Desmos, nyingine ya bure, mstari wa kwanza `n=[1...20]`, wa pili `(n, (-1)^n/n)`.

"Bila bando huwezi." GeoGebra ya simu, ukishaipakua, hufanya kazi hata data ikiwa imezimwa.

"Fibonacci inataka mtu anayejua kuprogramu." La. Ni mfuatano ambao kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Fungua LibreOffice Calc, programu ya bure ya majedwali. A1 weka 1, vuta hadi A30. B1 na B2 weka 1, B3 andika `=B1+B2`, vuta hadi B30. Chagua safu zote mbili, kisha Insert, Chart, XY (Scatter), Points Only. Ukichagua Points and Lines au Lines Only, nukta zitaungwa. Namba ya 30 ni 832,040, kwa hiyo za mwanzo zitaonekana zimelala sakafuni. Bofya mara mbili mhimili wa wima, ingia Scale, weka tiki kwenye Logarithmic scale: nukta zitajipanga karibu mstari mnyoofu. Usivute kupita namba ya 78, lakini. Ya 79 inazidi 2^53, na kuanzia hapo Calc haiwezi tena kuhifadhi kila namba nzima kwa ukamilifu, wala haikuonyi.

"Grafu ikilala, jumla imefika kikomo." Jumlisha 1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea: namba 1,000 za kwanza hutoa kama 7.49, milioni moja hutoa kama 14.39. Inapanda polepole mno, lakini haina dari.