Star Wars na mabawabu wake: shabiki maandazi ni nani hasa?

"Kama hujaona ile ya asili, wewe ni shabiki maandazi." Anayeingia kwenye mazungumzo ya Star Wars, mfululizo wa filamu za vita vya anga za juu, kwa mara ya kwanza hutupiwa kauli hii kabla hata hajakaa na mabawabu, yaani mashabiki waliojipa kazi ya kuamua nani aingie, na mara nyingi anayeitupa naye hiyo ya asili, yaani filamu ilivyotoka kabla ya kurekebishwa, hajaiona. Imetosha sasa.

Dhana: Shabiki wa kweli ameona ya asili, na anajua nani alifyatua kwanza

Mtihani wa getini ni uleule miaka yote: kwenye baa ya Mos Eisley, mji wa bandari katika filamu ya kwanza, kati ya rubani wa magendo Han Solo na Greedo aliyekuja kumkamata, nani alifyatua kwanza? Ukisema "Han" unapita. Ukisema "Greedo" unazomewa. Lakini jibu linategemea nakala uliyoiangalia, na hata jibu la bawabu lina kasoro.

Rudisha tukio lenyewe. Greedo ameketi mbele ya Han, bastola mkononi. Wanaongea. Huku wakiongea, mkono wa Han unashuka taratibu chini ya meza na kuichomoa bastola yake. Katika filamu iliyotoka Mei 25, 1977, kinachofuata ni mlipuko mmoja, moshi, na Greedo anaangukia meza. Mwale ni mmoja tu. Kwa hiyo kusema Han alifyatua "kwanza" ni kukosea hesabu, maana hapakuwa na wa pili.

Mwaka 1997 George Lucas, mwanzilishi wa Star Wars, alitoa Toleo Maalumu. Humo Greedo ndiye anayefyatua kwanza, anamkosa Han akiwa hatua moja tu mbele yake, ndipo Han anajibu. DVD ya 2004 ikaisogeza miale ile miwili mpaka ikakaribia kutoka kwa pamoja. Mwaka 2019, filamu ilipoingia Disney+, huduma ya kuangalia filamu mtandaoni, Greedo akaongezewa neno moja kabla ya kufyatua: "maclunkey". Kijana aliyeiona Disney+ akakujibu "Greedo, halafu Han papo hapo" amekuambia alichokiona kwa macho yake. Unamcheka kwa lipi?

Halafu hiyo ya asili utaipata wapi? Filamu tatu za mwanzo zilitolewa kwenye DVD kama zilivyoonyeshwa sinema mwaka 2006, nazo ziliwekwa kama diski ya nyongeza tu. Picha ilichukuliwa kwenye masta ya 1993 ya LaserDisc, yaani diski kubwa za video za zamani, ndiyo maana ukiiweka kwenye TV pana inakaa katikati kama stempu, imezungukwa na weusi pande zote. Blu-ray na Disney+ zimebeba matoleo yaliyorekebishwa. Sharti la bawabu, kwa maneno mengine, ni kwamba uwe na diski iliyotoka karibu miaka ishirini iliyopita.

Ukitaka kujua nakala yako ni ya lini, usiangalie jalada, hasa kama DVD ni ya kununua barabarani. Fanya hivi. Anza na maandishi ya njano yanayopanda mwanzoni mwa filamu ya kwanza: kama hayana "Episode IV – A New Hope", una toleo la 1977, kwa sababu mstari huo uliongezwa 1981. Kisha nenda bandarini Mos Eisley, Han anapojiandaa kuondoka. Jambazi Jabba akitokea kumdai, nakala yako ni ya 1997 au baada ya hapo. Sasa ruka mpaka mwisho wa Return of the Jedi, filamu ya 1983. Mzuka wa Anakin, yaani Darth Vader kabla hajawa adui mkuu mwenye kofia nyeusi, ukiwa wa mzee, yaani mwigizaji Sebastian Shaw, nakala ni ya kabla ya 2004. Akiwa kijana, yaani Hayden Christensen, ni 2004 kuja huku. Bado hujaridhika? Rudi nyuma kidogo, Vader anapomwinua Kaisari kumtupa shimoni. Akimwinua kimya, ni kabla ya 2011, akipiga kelele za "No!", ni 2011 au baadaye. Kwa maoni yangu hicho ndicho kiraka kibaya kuliko vyote, maana ule ukimya ndio uliokuwa unakufanya umwangalie Vader na kujiuliza anawaza nini chini ya ile kofia.

Ni dakika kumi kwa ujumla, na utaijua nakala yako kuliko wengi wanaokutahini.

Dhana: Lazima uwe umeona vyote

Tupige hesabu. Filamu tisa za mfululizo mkuu ni kama saa 20 na nusu. Kisha kuna mifululizo ya TV: The Clone Wars ina vipindi 133. Kwa dakika 22 kila kimoja, ni karibu saa 49. Rebels ina vipindi 75. Andor ina 24. Hapo hatujagusa katuni za kuchapishwa, riwaya wala michezo ya kompyuta. Anayesema "vyote" kwa kawaida ana maana ya "vile nilivyoona mimi".

Mgeni anahitaji filamu tatu: ya 1977, ya 1980 na ya 1983, kwa mpangilio huo. Ni saa 6 na robo, wikiendi moja inatosha. Zikikunogea, ndipo urudi kwenye sehemu ya kwanza hadi ya tatu (Episode I hadi III), ambazo zilitengenezwa baadaye ingawa zinasimulia mambo ya kabla. Tafadhali usimwanzishe mtu na Episode I eti kwa sababu ina namba moja. Filamu ya 1980 imejengwa juu ya siri ya Vader ni nani, na siri hiyo ililindwa hata wakati wa kupiga picha: David Prowse, aliyekuwa ndani ya vazi la Vader, alipewa sentensi ya uongo aseme kwamba mwalimu Obi-Wan ndiye aliyemuua baba yake Luke, shujaa wa filamu, kisha James Earl Jones, mwenye sauti ya Vader, akaingiza ile ya kweli studio. Mtu aliyeanza na Episode I anafika pale akiwa na jibu mfukoni, anabaki kusubiri Luke naye ajue.

Na mabawabu wanaopenda kunukuu tukio hilo, "Luke, mimi ni baba yako", wananukuu kitu ambacho hakimo. Vader anaanza na "Hapana", kwa sababu anabishana na alichosema Luke punde tu. Jina la Luke halitajwi kwenye sentensi hiyo.

Anayependa siasa na ujasusi kuliko panga za mwanga aanze na Andor, amalizie na filamu ya Rogue One. Hahitaji kingine chochote kabla.

Dhana: Bila riwaya za zamani hujui kitu

Aprili 2014 Lucasfilm, kampuni inayotengeneza Star Wars, ilizitenga riwaya na katuni za miaka ya nyuma kwa jina la Legends. Si sehemu ya hadithi rasmi tena. Baadhi ya watu wake wamerudishwa: Thrawn, aliyebuniwa na Timothy Zahn mwaka 1991, yumo kwenye mifululizo ya Rebels na Ahsoka. Zisome kwa raha zako. Kumtahini mwenzako kwa kitabu ambacho wenye mali wenyewe wamekiweka kando ni vituko.

Dhana: Ni mambo ya wanaume, wasichana wanafuata mkumbo

Filamu ya 1977 ilipata Oscar ya uhariri, na mmoja wa wahariri watatu waliopewa ni Marcia Lucas. Rasimu ya kwanza ya filamu ya 1980 iliandikwa na Leigh Brackett, mwanamke aliyekuwa ameandika hadithi za sayari za mbali miaka mingi kabla ya Star Wars kuwepo. Tuendelee.

Dhana: Kuiona kwa tafsiri si kuiona

Mwaka 2013 filamu ya kwanza iliingizwa sauti za Kinavajo, lugha ya wenyeji wa asili wa Marekani, kwa idhini ya Lucasfilm. Aliyekulia kwenye vibanda vya video, DJ akitafsiri, ana tahadhari moja tu ya kuchukua: DJ huongeza utani wake, kwa hiyo usinukuu maneno yake ukidhani ni ya filamu.

Isitoshe, lugha zetu zilishaingia humo zamani. Katika Return of the Jedi, pembeni ya rubani Lando kwenye usukani wa chombo cha anga Millennium Falcon, ameketi Nien Nunb, mwenye mashavu yanayoning'inia. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, na alichokizungumza ni Kikuyu na Kalenjin. Mwaka 2015, Nien Nunb alipotokea tena kwenye The Force Awakens, Rotich aliitwa tena kumpa sauti. Shabiki wa California anayasikia maneno yale kama lugha ya sayari nyingine. Mtazamaji wa Nyeri anashtuka kusikia mengine ni ya nyumbani.