Homa ya nguruwe: kabla hujamlaumu ngiri

Kila homa ya nguruwe inapozuka huku Nyanda za Juu Kusini, neno la kwanza ninalolisikia ni ngiri. Ngiri wameonekana shambani, ngiri wametoka Ruaha, ngiri wamekunywa maji ya kijito kimoja na nguruwe wetu. Najua hoja hiyo inakotoka, maana ndivyo vitabu vinavyofundisha, na vitabu havijakosea. Ila kwa mfugaji wa Mbozi, Rungwe au Mafinga, ngiri ni mshukiwa wa mbali. Mimi kazi yangu ni kuchunguza magonjwa ya mifugo, na ukifuata mlipuko mmoja baada ya mwingine, njia inakupeleka barabarani, buchani na kwenye ndoo ya makombo.

Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1921 na Montgomery, daktari wa mifugo aliyekuwa akifanya kazi Kenya. Nguruwe wa walowezi walikuwa wanakufa karibu wote, huku ngiri wa porini wakiendelea na maisha yao. Baadaye ikajulikana kwamba katikati yao yupo papasi, yule kupe laini anayejificha kwenye nyufa na mashimo, akatoka kunyonya damu na kurudi mafichoni. Kitoto cha ngiri huumwa na papasi kikiwa bado shimoni, kirusi kikajaa kwenye damu yake kwa muda, papasi wengine wakakinyonya, na mzunguko ukaendelea bila ngiri kuugua. Ngiri aliyekomaa ana kirusi kidogo mno kwenye damu. Akipita nyuma ya banda lako na kwenda zake, ni vigumu amwambukize nguruwe wako kwa kukutana tu. Lazima papasi awepo wa kukibeba. Papasi nao sio wa kudharauliwa, kwa sababu wanaweza kukaa na kirusi miaka kadhaa, na jirani zetu wa Malawi, upande wa Mchinji, watafiti walishawakuta wenye kirusi katika makazi ya watu wafugao nguruwe. Kwa hiyo banda la udongo lenye nyufa lizibwe. Simfutii ngiri kesi, namwondoa tu kwenye nafasi ya kwanza.

Nafasi ya kwanza ni yetu wenyewe, na ushahidi wake umo kwenye damu ya nguruwe wa Kyela.

Mwishoni mwa 2010 nguruwe walianza kufa Kyela, karibu na mpaka wa Malawi. Miezi iliyofuata ugonjwa ukajitokeza sehemu nyingine za nyanda hizi, ukafika hadi Dar es Salaam. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao walichukua sampuli wakasoma kipande cha jeni inayotengeneza protini ya ganda la kirusi, iitwayo p72. Kwa kipande hicho virusi vya homa ya nguruwe hugawanywa katika jenotaipu, yaani koo, zaidi ya 20, na Afrika Mashariki na Kusini ndiko ziliko nyingi kwa sababu ndiko kwenye ngiri na papasi. Mlipuko wa 2008 hapa nchini ulikuwa wa jenotaipu ya XV. Ule wa kaskazini mwaka 2013 ulikuwa wa X. Huu ulioanzia Kyela ulikuwa wa II, ukoo uleule ulioingia Georgia, kule Ulaya Mashariki, mwaka 2007, ukasambaa Urusi na Ulaya, na Agosti 2018 ukatua China na kuua nguruwe wasiohesabika.

Sasa fikiri. Kama kila kijiji kingekuwa kinaambukizwa na ngiri wake na papasi wake, tungetarajia kukuta mchanganyiko wa koo, hapa huu, pale ule. Ukoo mmoja ukitokea Kyela kisha ukaonekana mamia ya kilomita mbele, ujue umebebwa. Papasi hatembei kutoka Kyela hadi Dar es Salaam, na ngiri hapandi lori. Niseme pia mipaka ya ushahidi huo: kipande kimoja cha jeni kinatosha kutaja ukoo, hakitoshi kusema banda la nani liliambukiza banda la nani. Mtu akikwambia maabara imemtaja jirani yako kwa jina, usimwamini.

Sasa kirusi kinabebwaje? Jibu lina uchungu kidogo. Nguruwe aliyeambukizwa anaweza kukaa siku nne hadi 19 kabla ya kuonyesha dalili, na huanza kutoa kirusi siku mbili hivi kabla hajaugua. Nguruwe wa kwanza akigoma kula, akafa, mfugaji anayejua kinachokuja hapigi simu kwa bwana mifugo. Anampigia mnunuzi. Bei inashuka mpaka nusu, na bei ya nusu ina wateja siku zote. Kwa saa chache nguruwe wanaoonekana wazima kabisa wamepakiwa kwenye bodaboda na Noah, wengine kwenda kuchinjwa, wengine, hawa ndio hatari zaidi, kwenda kufugwa kwingine. Simlaumu sana mfugaji huyo. Nguruwe ni ada ya mtoto na mbolea ya msimu ujao, na karantini ikitangazwa anajua hakuna wa kumfidia. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inamtaka atoe taarifa, lakini sheria isiyo na fidia mkononi inamwomba mtu masikini afanye jambo la kishujaa. Nikipewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja kwenye udhibiti wa ugonjwa huu, ningeanzia hapo, kabla ya kununua mashine yoyote.

Wale waliochinjwa nao safari yao haijaisha. Homa hii haimwambukizi binadamu, kwa hiyo mla kitimoto hana la kuogopa. Ila kirusi hiki ni kigumu kufa. Kwenye damu iliyohifadhiwa kwa ubaridi kimeishi mwaka na nusu, kwenye nyama iliyogandishwa kinaishi hata miaka, na baridi ya Makete au Njombe haikisumbui. Mifupa na mabaki ya sahani yakiingia kwenye ndoo ya makombo, yakachanganywa na pumba, mzunguko umefungwa: nguruwe anakula nguruwe mwenzake. Ndiyo njia ambayo wengi wanaamini kirusi kiliingilia Georgia, kupitia mabaki ya chakula cha melini. Makombo yanatakiwa yachemshwe kwa nyuzi joto 90 saa nzima huku yakikorogwa. Kwa mama anayekusanya makombo ya mgahawa wa Uyole na kununua mkaa kwa kopo, hilo ni gharama, na ndiyo maana mimi humshauri aachane kabisa na makombo yenye nyama, abaki na pumba, mashudu na majani ya viazi.

Halafu kuna dume la kuazima. Dume moja zuri kijijini linapandisha majike ya mabanda mengi, malipo ni kitoto kimoja au pesa kidogo, na kila anakopita anaacha kirusi na kuchukua kirusi. Kuna pia sindano. Mfugaji akiona homa anatafuta mtu wa kumchomea oksitetrasaiklini, dawa ya bakteria, naye anatoka banda hadi banda na sindano ileile na mabuti yaleyale. Dawa hiyo haina inachofanya kwa kirusi, sindano ndiyo inayofanya. (Mabuti ya wataalamu nayo yamo. Mtaalamu akiingia bandani bila kuyasugua, mfukuze, awe na cheo gani.)

Kuhusu chanjo naulizwa kila wiki. Sisi hapa hatuna. Kirusi chenyewe kina vinasaba vingi kupita virusi vingi tuvijuavyo, protini zaidi ya 150, na kinaishi ndani ya chembe zilezile za kinga ambazo zingetakiwa kukimeza. Miaka ya 1960 Ureno na Uhispania walijaribu chanjo ya kirusi hai kilichodhoofishwa, wakaishia na nguruwe wenye ugonjwa sugu. Vietnam iliidhinisha chanjo ya aina hiyo 2022, iliyotengenezwa kwa kuondoa jeni moja, na inaendelea kuangaliwa kwa makini. Ililenga jenotaipu ya II. Kwa nchi yenye koo kadhaa kama yetu, hata ikija leo, sitatarajia izuie kila mlipuko.

Kwa hiyo kinachobaki ni kujua mapema. Nguruwe anapanda homa nyuzi 40 hadi 42, wanalala wamerundikana, masikio, tumbo na miguu vinakuwa vyekundu au kama zambarau, wenye mimba wanatupa, wengine wanaharisha damu. Ukimpasua, bandama limevimba na kuwa jeusi. Erisipela inaweza kukudanganya kwa wekundu wa ngozi, lakini ile ni ya bakteria na penisilini inaisaidia mapema. Uhakika unatoka maabara: damu au kipande cha bandama ndani ya kiboksi cha barafu, na kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kipo Iringa. Usisubiri afe wa tatu. Na wakati unasubiri majibu, asitoke nguruwe wala kilo moja ya nyama.

Majibu yakithibitisha, mizoga izikwe kwa kina au ichomwe, kisha banda lisafishwe kwa sabuni na brashi mpaka kinyesi chote kiondoke, ndipo ipigwe dawa ya klorini; dawa ikimwagwa juu ya kinyesi ni maji tu. Acha banda wazi angalau siku 40. Baada ya hapo usijaze. Ingiza nguruwe wachache, kama moja ya kumi ya uwezo wa banda, uwaangalie siku nyingine 40. Wakila vizuri muda wote huo na damu yao ikipimwa ikawa safi, leta wengine.