Makanisa Kushirikiana Vijijini Dodoma: Kazi Ipitie Mkutano wa Kijiji

Katika vijiji vingi vya Chamwino, Bahi na Mpwapwa utakuta Kanisa Anglikana, Kanisa Katoliki, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri (KKKT) na makanisa ya Kipentekoste yakiwa jirani kabisa, kila moja likiwa na kamati yake ya maendeleo na mradi wake wa kuku au bustani. Mimi ni mwezeshaji wa maendeleo ya jamii, na kazi yangu ni kuyasaidia makanisa hayo yapange na kutenda pamoja. Msimamo wangu ni kwamba ushirikiano huo hudumu pale unapoanzia kwenye jambo ambalo hakuna kanisa linaloliweza peke yake, na pale unapoendeshwa kupitia vyombo vya kijiji badala ya ofisi ya mchungaji mmoja.

Kitaifa, njia ilishafunguliwa. Mwaka 1992 Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT), ambayo makao yake makuu yako hapa Dodoma, na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania (TEC) waliunda Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii (CSSC), ili makanisa yazungumze na Serikali kwa sauti moja kuhusu hospitali na shule zao. Kijijini, hata hivyo, hakuna tume. Kuna wachungaji, mapadre, wainjilisti na makatekista wanaofahamiana vizuri, wanaozikana na kualikana harusini, lakini ambao hawajawahi kukaa meza moja kupanga kazi.

Mfano unaonifundisha zaidi ni kisiki hai, yaani njia ya kurudisha miti kwa kutunza visiki vinavyochipua. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miche mingi inayopandwa hufa kiangazi. Kwa hiyo mkulima huacha kupanda na kuanza kutunza kile ambacho tayari kiko ardhini: huchagua kisiki kinachochipua, hubakiza machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, hukata mengine, hupogoa matawi ya chini, kisha hufunga kitambaa kwenye shina ili kila apitaye ajue kwamba mti huo una mwenyewe. Mizizi tayari imeshika chini, hivyo mti hukua haraka bila kumwagiliwa. Gharama yake ni panga na uvumilivu.

Tatizo huja baada ya mavuno. Kwa desturi yetu, mazao yakishatolewa shambani, ng'ombe na mbuzi huachiwa walishe mabua ya mtama na uwele popote yalipo. Waumini wa kanisa moja wanaweza kufundishwa vizuri, wakapogoa kwa bidii na kufunga vitambaa vyao, lakini kama jirani wa kanisa lingine hakushirikishwa, mbuzi wake watayamaliza machipukizi yote kwa siku chache. Hapo ndipo wachungaji huona wazi kwamba mradi wa dhehebu moja hauwezi kufanikiwa, kwa kuwa malisho ni suala la kijiji kizima, wakiwemo Waislamu na wale wasio na dini yoyote. Kwa wilaya kama Kondoa, ambako Waislamu ni wengi, sioni kabisa jinsi mpango wa namna hii unavyoweza kusimama bila masheikh kuwemo tangu kikao cha kwanza.

Kinachowazuia viongozi wengi, nijuavyo mimi, ni hofu ya kunyang'anyana waumini. Hofu hiyo isipuuzwe. Vikao visifanyike kanisani bali ofisi ya kijiji au chini ya mbuyu, visigeuzwe mahubiri, na bango la mradi lisibebe jina la kanisa lolote. Hili la bango laweza kuonekana dogo, lakini huvunja ushirikiano kuliko tofauti za mafundisho.

Fedha nazo zinahitaji uwazi uleule. Kisanduku cha VICOBA, yaani vikundi vya wanakijiji vya kuweka na kukopeshana fedha, huwa na kufuli tatu na washika funguo watatu. Mimi hushauri funguo hizo zikae kwa watu wa makanisa tofauti, ili kisanduku kisifunguliwe bila wote kuwapo na hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wanachama. Kikundi kisajiliwe kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018; usajili huo hukipa uhalali mbele ya halmashauri na huwaondolea wachungaji mzigo wa kuwa wadhamini wa fedha za watu.

Kwa makanisa yanayotaka kuanza, ninashauri viongozi waende pamoja kwa mtendaji wa kijiji mapema, mvua zikiwa bado zinanyesha, waombe suala la malisho baada ya mavuno liwe ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Makubaliano yakipatikana, halmashauri ya kijiji iandae sheria ndogo, wananchi waijadili mkutanoni, kisha ipelekwe halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Hatua hizo huchukua muda, na mifugo huanza kuingia mashambani mara tu mavuno yanapokwisha.