Mtihani wa CCNA si wa Kidato cha Nne: Dhana Potofu Zinazowagharimu Watahiniwa wa Vyeti vya Mitandao

Mtu aliyesoma katika shule zetu amefundishwa namna moja ya kukabili mtihani, na namna hiyo imemfaa tangu darasa la saba: tafuta pastipepa, kariri majibu, anza na maswali mepesi, magumu yaache mwishoni, na ujue mapema ni alama ngapi zitakuvusha. Anapofika kwenye mtihani wa cheti cha mitandao ya kompyuta huja na mbinu hizo zote, na hapo ndipo dhana nyingi potofu zinapozaliwa. Hazitokani na uvivu, bali zinatokana na mazoea yaliyokwisha kuleta mafanikio mahali pengine. Hapa nitazungumzia hasa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, ambacho mtihani wake una msimbo 200-301, na pale inaposaidia nitaulinganisha na mtihani wa Network+, cheti kingine cha mitandao kinachotolewa na CompTIA.

"Dampu ni pastipepa tu"

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Dampu ni mkusanyiko wa maswali unaouzwa au kugawiwa bure kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, ukidaiwa kuwa ndiyo maswali yenyewe ya mtihani. Anayeutumia hujitetea kwamba hata shuleni tulijifunza kwa karatasi za miaka iliyopita. Tofauti ni kwamba pastipepa ni karatasi ambayo mtihani wake umekwisha kufanyika, na haina siri tena. Maswali ya CCNA hutoka kwenye hazina inayoendelea kutumika, na kabla swali la kwanza halijatokea kwenye skrini mtahiniwa hulazimika kukubali mkataba wa kutunza siri. Kwa hiyo anayekariri maswali na kuyatoa nje amevunja mkataba, na anayeyatumia anaweza kufutiwa matokeo na kuzuiwa kufanya mitihani ya kampuni hiyo.

Tuliache suala la sheria kwa muda, kwa sababu kuna tatizo la pili ambalo wauzaji hawalisemi: majibu ya dampu hayana mwenyewe. Hayakuandikwa na watunga mtihani, bali na mtu aliyejaribu kukumbuka swali alipokuwa njiani kurudi nyumbani. Zaidi ya hapo, swali la mitandao hubadilika jibu kwa kubadilishwa namba moja tu.

Chukua mfano huu. Jedwali la njia la ruta, kifaa kinachopitisha data kati ya mitandao, lina mistari mitatu: njia iliyojifunzwa kwa OSPF kwenda 10.1.1.0/24, njia iliyojifunzwa kwa RIP kwenda 10.1.1.128/25, na njia ya jumla ya 0.0.0.0/0 iliyoandikwa kwa mkono. OSPF na RIP ni itifaki ambazo ruta hutumia kupashana njia, na namba iliyo baada ya mkwaju ni idadi ya biti za anwani zinazotambulisha mtandao. Inaingia pakiti, yaani kifurushi cha data, inayokwenda 10.1.1.200. Ipitie wapi? Aliyekariri anakumbuka kwamba kila chanzo cha njia kina namba yake ya kuaminika, na kwamba namba ndogo ndiyo bora: njia ya mkono ni 1, OSPF ni 110 na RIP ni 120. Kwa kumbukumbu hiyo anaitupa RIP mara moja, naye anakosa. Kabla ya yote ruta hutazama ni mstari upi unaolingana na anwani ya pakiti kwa biti nyingi zaidi. Mtandao wa 10.1.1.128/25 huanzia 128 na kuishia 255, na 200 imo ndani yake, kwa hiyo njia ya RIP ndiyo inayotumika. Namba ya kuaminika hutumika tu pale vyanzo viwili vinapoleta njia ya mtandao uleule wenye maski ileile, yaani idadi ileile ya biti za mtandao.

Sasa badilisha anwani iwe 10.1.1.100. Mtandao wa /25 haumo tena kwenye mashindano, na pakiti inafuata njia ya OSPF. Ibadilishe tena iwe 10.1.2.100, na kinachobaki ni njia ya jumla. Yamekuwa maswali matatu yanayofanana kama mapacha, na majibu matatu tofauti. Mwenye dampu anaendelea kujibu "RIP" kwa sababu ndivyo faili lake lilivyosema.

"Swali gumu liruke, utalirudia"

Katika CCNA hakuna kurudi nyuma. Ukishabonyeza kwenda swali linalofuata, lililopita limefungwa, na mtihani huo huchukua dakika 120 pekee. Jambo hili limewaumiza watu wenye ujuzi kabisa, hasa walioshauriwa na rafiki aliyefanya Network+, maana huko mtahiniwa anaweza kuliwekea swali alama na kulirejea ndani ya dakika zake 90. Ushauri wa rafiki ulikuwa wa kweli, ila ulihusu mtihani mwingine.

Matokeo yake ni kwamba mazoezi ya nyumbani nayo lazima yabadilike. Anayejipima kwa maswali mia moja huku akirukaruka anajizoeza tabia ambayo hataruhusiwa kuitumia siku yenyewe. Ni bora kuweka saa mezani, kuchukua maswali ishirini kwa mfuatano, na kujilazimisha kufanya uamuzi kabla ya kusonga mbele, hata pale jibu halijakaa sawa kichwani. Swali lililoachwa wazi halikupi chochote, na kwa hiyo kukisia baada ya kuondoa majibu mawili yasiyowezekana ni haki yako. Kazi za vitendo, ambapo unapewa vifaa na kutakiwa kuandika usanidi, yaani amri za kuvipanga, hula muda zaidi ya maswali ya kuchagua, na ni vizuri kuliwekea hilo akiba ya dakika tangu mwanzo.

"Sabneti ni za wenye kipaji cha hesabu, na kikokotoo kitakuwepo"

Kikokotoo hakiruhusiwi, unapewa kibao cha kuandikia na kalamu, au kibao cha kwenye skrini ukifanyia mtihani nyumbani. Kuhusu kipaji cha kukokotoa sabneti, yaani vipande vya mtandao mkubwa, nadhani walimu tumechangia kosa. Tunamfundisha mwanafunzi kugeuza kila kitu kuwa sifuri na moja, tarakimu thelathini na mbili, halafu tunashangaa akichoka. Sifuri na moja ni za kuelewa kwa nini jambo liko hivyo, lakini katika chumba cha mtihani hesabu yenyewe ni ya kujumlisha tu.

Umeulizwa: kifaa chenye anwani 192.168.10.77/27 kiko kwenye sabneti gani, na kinaweza kuwa pamoja na vifaa vingapi? Maski ya /27 ni 255.255.255.224. Toa 224 kwenye 256, unabaki na 32, na hiyo ndiyo hatua yako. Hesabu kwa hatua hiyo: 0, 32, 64, 96. Namba 77 iko kati ya 64 na 96, kwa hiyo sabneti ni 192.168.10.64, anwani ya kutangazia wote ni moja pungufu ya 96, yaani 192.168.10.95, na anwani za vifaa ni kuanzia 65 hadi 94. Jumla ni 30, kwa maana kwamba kifaa chetu kina nafasi ya wenzake 29. Mtu anayefanya mafungu kumi ya namna hii kila asubuhi kabla ya chai, akibadilisha maski, baada ya wiki chache atakuwa anajibu ndani ya nusu dakika, awe alipata A ya hisabati au alikimbia somo hilo kidato cha pili.

"Bila ruta halisi huwezi kujiandaa"

Ruta iliyotumika ni ghali, na wengi huahirisha masomo wakisubiri kuinunua. Programu ya Packet Tracer, inayoigiza ruta na swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja), Cisco huitoa bure kwa anayefungua akaunti kwenye mpango wake wa mafunzo, Networking Academy, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta ya kawaida. Kwa kiwango cha CCNA inatosha kwa sehemu kubwa ya mazoezi.

Upande wa pili wa dhana hii ni wa hatari zaidi: kuamini kwamba kutazama video za mtu mwingine akisanidi ni mazoezi. Jaribu kitu kidogo. Weka kompyuta mbili na ruta mbili katikati, gawa anwani, kisha piga pingi, ujumbe wa kupima kama kifaa kinafikika, kutoka kompyuta ya kwanza kwenda ya pili. Itagoma. Andika show ip interface brief, nawe utakuta poti za ruta zimeandikwa administratively down, kwa sababu poti za ruta za Cisco huanza zikiwa zimezimwa, tofauti na za swichi. Andika no shutdown, upige tena. Bado inagoma. Unakumbuka kuandika njia kwenye ruta ya kwanza, unapiga mara ya tatu, na bado kimya. Hapa wengi hulaumu programu. Kumbe pakiti imefika salama upande wa pili, ila jibu halina njia ya kurudia, kwa sababu ruta ya pili haikuambiwa mtandao wa kwanza uko wapi. Ukiiandikia njia hiyo majibu yanakuja, na la kwanza likipotea, mara nyingi ni kwa sababu vifaa bado vinaulizana anwani za MAC, zile za maunzi ya kila kifaa, kwa itifaki ya ARP. Katika nusu saa hiyo umejifunza mambo manne, na video ingekupitisha juu yake kwa dakika mbili bila kosa hata moja.

"Kitabu chochote cha CCNA kinafaa"

Tarehe 24 Februari 2020 Cisco iliunganisha vyeti vingi vya CCNA vilivyokuwa vimegawanyika, vya njia na swichi, usalama, mitandao isiyo na waya na vinginevyo, ikabaki CCNA moja. Vitabu vya kabla ya hapo, vinavyouzwa bado kwa bei poa kwenye meza za vitabu vya mtumba, vinatumia sura nzima kufundisha usanidi wa EIGRP, itifaki nyingine ya njia, au Frame Relay, teknolojia ya zamani ya kuunganisha ofisi zilizo mbali, huku vikigusa kidogo tu, au visiguse kabisa, kuendesha mitandao kwa programu. Hata mtihani uleule wa 200-301 ulifanyiwa marekebisho mwaka 2024: katika zana za kusimamia usanidi, Puppet na Chef zimeondolewa na Terraform imeingia kando ya Ansible.

Kwa hiyo hati ya kwanza kuisoma ni orodha ya mada inayotolewa bure na Cisco yenyewe, na uzito wake usisomwe juujuu. Usafirishaji wa pakiti kati ya mitandao una asilimia 25, misingi ya mitandao 20, swichi na mitandao isiyo na waya 20, usalama 15, huduma za IP 10, na uendeshaji kwa programu 10. Hizo kumi za mwisho ndizo wanaotoka kwenye ufundi wa kebo huziacha, ingawa sehemu kubwa yake ni kutambua vitu tu, kama vile kusoma kipande kifupi cha JSON, muundo wa kuandika data kwa maandishi, na kujua kipi ni jina na kipi ni thamani.

"Ukipata 825 umefaulu"

Cisco haitangazi alama ya kufaulu, na inaweza kuibadilisha. Namba 825 ni ya vijiweni. CompTIA kwa upande wake hutangaza kwamba Network+ hufaulu kwa 720, lakini kwa kipimo kinachoanzia 100 hadi 900, na hiyo haimaanishi kupata asilimia fulani ya maswali. Ripoti ya CCNA hukuonyesha asilimia kwa kila mada. Ukishindwa, karatasi hiyo ndiyo ramani yako ya marudio.

Kingine kinachosemwa sana ni kwamba lazima uwe na shahada, au upitie cheti cha chini kwanza. CCNA haina sharti lolote la elimu wala cheti cha awali.

"Kiingereza si tatizo, mitandao ni ileile"

Mtihani hutolewa kwa Kiingereza na Kijapani. Anayeelewa mitandao kwa Kiswahili fasaha bado anaweza kukosa kwa sababu ya neno moja la swali: swali linataka njia isiyofaa, yeye akachagua inayofaa, swali linataka majibu mawili, yeye akaridhika na moja zuri. Jizoeze kusoma sentensi ya mwisho ya swali kwanza, ndiyo yenye ombi lenyewe, kisha urudi kwenye maelezo na michoro.

Na majina nayo yana hesabu yake. Jina ulilojisajilia Pearson VUE, kampuni inayosimamia mtihani, lazima lilingane na la kwenye kitambulisho. Kwetu mtu anaweza kuwa na majina matatu kwenye kitambulisho cha taifa, mawili kwenye cheti cha shule, na kwenye barua pepe akajiita jina la utani. Linganisha herufi kwa herufi wiki moja kabla, si mlangoni, kwa kuwa ada ya dola 300 za Marekani, ambayo kodi huongezwa juu yake, hurudiwa kwa kila jaribio. Aliyeshindwa husubiri siku tano, zikihesabiwa kuanzia kesho yake, ndipo aruhusiwe kukaa tena. Aliyefaulu naye aandike tarehe ya kuisha kwa cheti siku hiyohiyo, kwa sababu hudumu miaka mitatu, na kukihuisha kunahitaji ama mtihani mwingine au pointi 30 za mafunzo endelevu zilizokusanywa kabla ya siku hiyo kufika.