Maana ya kugandisha nguzo ya nyuzi ndani ya mzizi wa jino

Jino lililotibiwa mzizi mara nyingi hubaki na ukuta mdogo juu ya fizi, kiasi kwamba taji, yaani kofia bandia ya jino, halipati pa kushika. Hapo daktari huweza kusimamisha ndani ya mfereji wa mzizi nguzo nyembamba ya nyuzi za kioo zilizofungwa kwa rezini (aina ya plastiki inayoanza laini kisha ikakakamaa), akaigandisha kwenye dentini, yaani tishu ngumu inayounda sehemu kubwa ya mzizi. Wagonjwa wetu wa Arusha na Moshi hudhani nguzo hiyo huliongezea jino nguvu. Sivyo: kazi yake ni kushikilia tu ujazo wa juu, yaani kijazio kinachobeba taji, na nguvu hutokana na dentini iliyosalia, ambayo taji linapaswa kuikumbatia pande zote kwa milimita 1.5 hadi 2.

Nyuzi hupendelewa kuliko chuma kwa sababu mnyumbuko wake unakaribia ule wa dentini. Nguzo ya nyuzi ikishindwa, kwa kawaida hubanduka, na aghalabu hurudishiwa. Nguzo ngumu ya chuma huweza kupasua mzizi, na mzizi ukipasuka wima, jino hung'olewa.

Ugumu uko kwenye kugandisha kwenyewe. Rezini husinyaa inapokauka, na ndani ya tundu refu lililozungukwa na kuta haina upande wa kulegea, hivyo hujivuta kutoka kwenye dentini. Mwanga wa taa ya daktari haufiki vizuri chini, ndiyo maana hutumika saruji ya rezini inayoweza pia kujikausha kikemikali. Zaidi ya hayo, dawa ya klorini iliyosafishia mfereji huacha oksijeni inayozuia rezini kukomaa, na yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu kilichomo katika baadhi ya dawa za kuzibia mizizi, hufanya vivyo hivyo. Utando wa gutapecha, yaani mpira unaojazwa mferejini kuuziba, ukibaki ukutani, hata kama ni mwembamba mno, saruji hushika utando huo badala ya jino. Gutapecha inayotakiwa kubaki ni ile ya milimita 4 au 5 za chini, inayoziba ncha ya mzizi.



Iwapo tindikali imetumika kuiandaa dentini, mfereji haupulizwi hewa hadi ukauke kabisa, kwa kuwa nyuzi za kolajeni (protini iliyomo ndani ya dentini) zilizofichuliwa hulala na rezini ikakosa njia ya kupenya. Maji ya ziada hufyonzwa kwa vijiti vya karatasi, unyevu kidogo ukiachwa.